Plastiki Inayoonyesha Kama Kioo: Kwa Nini Moja Huvumilia Chai na Nyingine Hujikunja

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, maongezi kuhusu plastiki jijini Mwanza yamejaa maswali ambayo hayapati majibu ya wazi. Mfuko wa rambo si halali tena, lakini kontena la keki lenye mfuniko unaoonyesha bado linauzwa, bakuli la matunda yaliyokatwakatwa bado linapita mikononi mwa abiria stendi ya Nyegezi, na plastiki ngumu zinazofanana na kioo zinakatwa kila siku na mafundi wa mabango. Wapo wanaouliza kama vitu hivyo ni halali, na wapo wanaouliza kama ni salama. Mafundi wenyewe, ambao huuziwa shiti za aina tatu au nne kwa jina moja la "plastiki ya kioo", huuliza kwa nini shiti ya jana ilipinda vizuri ilhali ya leo imepasuka mara tu ilipoguswa na msumeno.

Swali la sheria ndilo jepesi, na afadhali tulimalize mapema. Kanuni za mwaka 2019 zililenga mfuko wa kubebea, yaani ule anaopewa mnunuzi dukani ili atilie alichonunua. Vifungashio vya bidhaa zenyewe, kama vile vya dawa, vya vyakula vilivyosindikwa na vya pembejeo za kilimo, havikuingizwa katika katazo hilo, ingawa vinapaswa kukidhi viwango. Kwa hiyo kontena la keki si rambo lililobadili umbo ili kukwepa sheria. Maswali mengine mawili, la usalama na la ufundi, yana chimbuko moja: plastiki zinazoonyesha hufanana kwa macho tu, na kinachozitenganisha hasa ni kiwango cha joto ambacho kila moja ikikifikia huanza kulegea.

Tuanze na maana za maneno. Plastiki ni jina la jumla la vitu vilivyoundwa kwa molekuli ndefu sana, ambazo kila moja ni mnyororo wa vipande vidogo vilivyoungana mara mamia au maelfu. Ziko plastiki ambazo zikishaganda mara moja hazilainiki tena; za namna hiyo huitwa themoseti, na mfano wake ni mpini mweusi wa sufuria au sahani ya melamini, ambazo ukizidisha moto zitaungua bila kuyeyuka. Ziko nyingine, zinazoitwa themoplastiki, ambazo hulainika zikipata joto, hukazika zikipoa, na zikirudishwa kwenye joto hulainika upya. Plastiki zote zinazozungumziwa hapa ni za kundi hili la pili. Tabia hiyo ya kulainika ndiyo inayowezesha kazi inayoitwa uundaji kwa joto, ambayo kwa ufupi ni kuchukua shiti bapa, kuipasha hadi ilegee, kuilaza juu ya kalibu na kuiacha ipoe ikiwa na umbo la kalibu hiyo. Kontena la keki, kitako cha trei ya mayai kinachoonyesha, kifuko kigumu kinachofunika betri dukani na ngao ya uso iliyovaliwa hospitalini wakati wa UVIKO-19 ni bidhaa za kazi hiyo au za shiti za jamii hiyo hiyo.

Mhusika mkuu wa makala haya ni plastiki inayoitwa PETG. Ni ndugu wa PET, ambayo ndiyo plastiki ya chupa za maji na soda, na herufi G ya mwisho inawakilisha neno glikoli, kemikali ambayo aina yake ilibadilishwa kidogo ili kumpata ndugu huyu.

Kwa nini inaonyesha

Anayepita Mwaloni wa Kirumba huona nyavu za dagaa zikiwa katika hali mbili. Ziko zilizokunjwa kwa utaratibu, tabaka juu ya tabaka, zikisubiri kupakiwa mtumbwini, na ziko zilizotupwa rundo, nyuzi zikiwa zimepitana huku na huku bila mpangilio wowote. Minyororo ya molekuli ndani ya plastiki nayo huweza kuwa katika hali hizo mbili. Pale inapojipanga tabaka kwa tabaka hutokea vijisehemu vidogo vinavyoitwa fuwele, vikiwa vimezungukwa na sehemu ambazo minyororo imebaki rundo. Mwanga unapotoka sehemu iliyopangwa na kuingia isiyopangwa hupinda kidogo, na kwa kuwa mipaka ya namna hiyo ni mingi mno, mwanga hutawanyika na macho huona weupe wa maziwa. Ikiwa minyororo yote ni rundo tupu, mipaka hakuna, na mwanga hupita moja kwa moja. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu mtu angetarajia mpangilio ndio ulete uangavu, kumbe katika plastiki vurugu ndiyo inayoonyesha.

PET ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, na kazi yake ya kwanza ilikuwa nyuzi za nguo, zile tunazoziita poliesta hadi leo. Minyororo yake ina uwezo wa kujipanga. Ikipozwa haraka hubaki rundo, nayo huonyesha vizuri. Ikipashwa moto kiasi na kukaa hapo muda wa kutosha, minyororo hupata nafasi ya kujikunja kwa utaratibu, na shiti huanza kuwa nyeupe. Fundi anayeunda kontena kwa shiti ya PET ya kawaida ana nafasi finyu: akichelewa kidogo kuitoa kwenye hita, uangavu unaondoka na haurudi. Watengenezaji wa PETG waliliondoa tatizo hilo kwa kuchukua sehemu ya glikoli ya kawaida na kuweka mahali pake kiungo kinene zaidi. Ni sawa na nyavu zetu za Mwaloni zingefungiwa maboya ovyo ovyo kila baada ya hatua chache. Hata ukitaka kuzikunja, hazitakaa tabaka. Minyororo ya PETG haijipangi, na kwa sababu hiyo shiti yake hupita kwenye joto, hubonyezwa na kupoa huku ikiendelea kupitisha takriban asilimia 90 ya mwanga unaoiangukia.

Pampu haivuti, hewa ndiyo inayosukuma

Kazi ya kuunda yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo siri ya kikombe kinachojikunja ilipofichwa. Shiti hubanwa kingo zote nne kwenye fremu na kuwekwa chini ya hita. PETG huanza kulegea karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, lakini ili iundike vizuri hupashwa hadi kati ya nyuzi 120 na 160. Kwanza hutikisika kidogo na kujikunyata, kisha hutulia na kukazika tena, halafu katikati huanza kubonyea kwa uzito wake yenyewe. Fundi mzoefu hulisoma bonyeo hilo kuliko anavyoisoma saa ya ukutani. Likifika kina anachokitaka, kalibu hupandishwa kutoka chini, pampu huwashwa, na hewa iliyonaswa kati ya shiti na kalibu hunyonywa kupitia vitundu vidogo vilivyotobolewa kwenye pembe. Kwa sekunde chache tu shiti hugandamana na kila mkunjo wa kalibu.

Watu wengi hudhani pampu ndiyo inayoivuta plastiki. Pampu huondoa hewa ya chini tu. Kinachoisukuma plastiki ni uzito wa hewa iliyo juu yake, ambayo haina tena mpinzani. Kwenye usawa wa bahari, Dar es Salaam kwa mfano, uzito huo ni karibu tani 10 kwa kila mita moja ya mraba. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ya Mwanza ni nyepesi kiasi, na msukumo huo hushuka hadi karibu tani 9. Ni nguvu ya kutosha kabisa kwa kontena la keki, lakini fundi anayefuata maelekezo ya mashine neno kwa neno na kuona pembe zake hazitoki kali anaweza kujikuta anahangaika na pampu nzima isiyo na tatizo, ilhali kinachotakiwa ni kuongeza joto kidogo au kuzungusha pembe za kalibu.

Kuna mambo mawili yanayofuata kutoka kwenye kazi hiyo. La kwanza ni kwamba plastiki haiongezeki. Shiti yenye unene wa milimita 1 ikivutwa hadi eneo lake liwe maradufu, unene wake wa wastani utabaki nusu milimita, na kwenye pembe za chini, ambako huvutwa zaidi na kufika mwisho, utapungua kuliko hapo. Ndiyo maana kontena karibu siku zote huanzia kupasuka kwenye pembe. La pili ni kwamba minyororo iliyovutwa na kupozwa haraka hubaki na mkazo wa kutaka kurudi ilikotoka. Kwa joto la kawaida haiwezi, kwa kuwa imeganda mahali pake. Ikipata tena joto la kulegea, itarudi.

Sasa mimina chai ya moto kwenye kikombe chembamba cha PET au PETG. Maji ya Mwanza huchemka karibu na nyuzi 96 kwa sababu ya mwinuko ule ule tuliousema, na chai iliyotoka jikoni sasa hivi bado iko juu ya nyuzi 80. Ukingo wa kikombe hauyeyuki hata kidogo. PET huyeyuka karibu na nyuzi 250, na hakuna chai inayofika huko. Kinachotokea ni kwamba kuta zinalegea, mkazo uliofungiwa humo unafunguka, na kikombe kinajaribu kurudi kuwa shiti bapa. Kitako kinapanda juu, kuta zinaingia ndani, na aliyekishika anaungua vidole. Anayesema "plastiki hii ni feki" anailaumu bure: imefanya kile ambacho plastiki ya jamii yake hufanya ikipashwa kiasi hicho.

Ndugu wanaochanganywa

Katika shiti zinazouzwa kama plastiki ya kioo, tatu ndizo zinazochanganywa zaidi: akriliki, polikaboneti na PETG. Ukijumlisha vyombo vya kutupa, inaingia na ya nne, polistirini.

Akriliki ndiyo inayojulikana zaidi kwa mafundi wa mabango. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1933 na kampuni ya Otto Röhm kwa jina la Plexiglas. Hupitisha asilimia 92 ya mwanga, zaidi ya wenzake wote, haichubuki kirahisi, na jua haliigeuzi njano hata baada ya miaka mingi. Udhaifu wake ni kupasuka: ukiitoboa kwa kekee kali bila subira, au ukikaza skrubu kupita kiasi, ufa utaanzia hapo na kusafiri. Huanza kulegea karibu na nyuzi 105. Polikaboneti ni ya baadaye, mwaka 1953, na ilipatikana karibu wakati mmoja na wanakemia wawili wasiofanya kazi pamoja, Hermann Schnell wa Bayer huko Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani. Hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Unaweza kuipiga nyundo na isivunjike, na huvumilia joto hadi karibu nyuzi 147. Lakini hunyonya unyevu wa hewani, na shiti iliyokaa stoo karibu na ziwa wakati wa masika ikipelekwa moja kwa moja kwenye hita hutoa mapovu mwili mzima, kwa kuwa unyevu huo hugeuka mvuke ndani yake. Lazima ikaushwe kwa saa kadhaa kwanza. PETG kwa kawaida haihitaji hatua hiyo, huundika kwa joto dogo zaidi, haipasuki wakati wa kutobolewa kama akriliki, na mara nyingi bei yake iko chini ya polikaboneti. Ina uzito wa karibu nusu ya kioo chenye ukubwa ule ule. Hapo utaelewa kwa nini viwanda vya vifungashio huipenda, na pia kwa nini fundi aliyezoea akriliki akikutana nayo kwa bahati hudhani amepata akriliki "ya laini".

Jua la huku halihurumii. Mwanza iko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, na miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, hukatakata minyororo ya PETG na polikaboneti kidogo kidogo hadi iwe ya njano na yenye kuvunjika, isipokuwa kama shiti ilipakwa au kuchanganywa na kinga maalumu. Bango la nje la PETG ya kawaida ni hasara inayosubiri msimu tu. Kioo cha helmeti ya bodaboda, ambacho mara nyingi ni polikaboneti, hukumbana na jambo la pili tena baya zaidi: dereva hukifuta kwa kitambaa chenye petroli ili kuondoa wadudu waliogandamana usiku. Petroli huingia kwenye sehemu zilizo na mkazo na kufungua nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na kioo ambacho kingestahimili jiwe hupoteza nguvu yake bila mwenyewe kujua. Maji ya uvuguvugu na sabuni vinatosha. Akriliki nayo haipatani na spiriti; vizuizi vingi vya akriliki vilivyowekwa kwenye kaunta mwaka 2020 na kufutwa kwa vitakasa mikono kutwa nzima vilipata ukungu wa nyufa kwenye kingo na kwenye matundu ya skrubu.

Ziwani mambo yamekuwa mazuri zaidi. Wavuvi wa dagaa wengi wameacha karabai na kutumia taa za umeme wa jua, na kifuniko cha taa ya namna hiyo hakipati tena joto la utambi. Kioo cha karabai kisingeweza kuwa plastiki. Kifuniko cha taa ya LED kinaweza, na ni afadhali kiwe hivyo, kwa kuwa mtumbwi unaoyumba usiku si mahali pa kioo cha kuvunjika.

Pale inapofaa kuliko nyingine

Matumizi ninayoyaona kuwa ya thamani kubwa kuliko yote hayaonekani dukani. Mtu aliyekatwa mguu chini ya goti huhitaji mguu bandia wenye sehemu ya juu inayopokea kigutu, na sehemu hiyo isipokaa sawasawa, ngozi hubanwa, huchubuka na kutoa vidonda. Fundi wa viungo bandia huchukua umbo la kigutu kwa plasta, hulirekebisha, kisha huweza kulilazia shiti ya moto ya PETG na kunyonya hewa, kazi ile ile ya kontena la keki. Kinachotoka ni kipokeo cha majaribio kinachoonyesha. Mgonjwa hukivaa, husimama na kuweka uzito, na fundi huangalia kwa macho yake kupitia ukuta wa plastiki: mahali ngozi inapobanwa sana hubadilika rangi, na mahali palipo na nafasi hewa huonekana. Huweka alama kwa kalamu, hupasha sehemu hiyo kwa bomba la hewa ya moto, huisukuma nje kidogo, na mgonjwa hujaribu tena. Baada ya kuridhika ndipo kipokeo cha kudumu hutengenezwa kwa plastiki nyingine, mara nyingi polipropilini. Udhaifu uliomkasirisha mnywa chai, ule wa kulegea kwa joto dogo, hapa ndio unaomruhusu fundi kurekebisha bila kuanza upya.

Hospitali huikuta PETG pia katika trei ngumu zinazobeba vifaa vilivyotakaswa viwandani, kwa sababu inavumilia mionzi ya gama na gesi ya ethilini oksaidi. Haivumilii mashine ya kutakasa kwa mvuke wa nyuzi 121, na trei ya namna hiyo ikirudishwa humo kwa nia njema ya kubana matumizi itatoka ikiwa imejikunja. Madaktari wa meno nao hutumia shiti za jamii hiyo kutengeneza vifaa vyembamba vya kuyashikilia meno yaliyonyooshwa yasirudi yalikokuwa.

Kwenye chakula, ubora wake ni kuzuia oksijeni vizuri kuliko mifuko ya kawaida ya politini, na kuruhusu mnunuzi aone anachonunua. Hata hivyo, uangavu si sifa njema kwa kila bidhaa. Dagaa waliokaushwa wana mafuta, na mafuta yakikutana na mwanga na oksijeni huharibika na kutoa harufu kali. Mjasiriamali anayewaweka dagaa wake kwenye kontena zuri la kuonyesha, kisha akalipanga rafu ya mbele inayopigwa na jua la mchana, anaharakisha kuharibika kwa bidhaa aliyotaka kuipamba. Kwa maoni yangu kifungashio cha dagaa kinatosha kuwa na kidirisha kidogo. Sehemu iliyobaki iwe ya rangi.

Yanayosemwa mitaani

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo ni daraja la ubora au la usalama, kana kwamba 1 ni bora kuliko 6. Mfumo huo ulianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki ili kurahisisha kutenganisha taka. Namba hutaja aina tu: 1 ni PET, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini, na 7 ni kapu la "nyinginezo zote", ambamo polikaboneti huwekwa. PETG hugongwa 1 na kiwanda kimoja na 7 na kingine, jambo linaloongeza mkanganyiko badala ya kuupunguza.

Imani ya pili ni kwamba kila plastiki inayoonyesha ina BPA, kemikali inayohofiwa kuingilia homoni. Hofu hiyo ina msingi kwa polikaboneti, kwa sababu hutengenezwa kwa kemikali hiyo, na Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011. PET na PETG hazitengenezwi kwa BPA. Chupa ya PET iliyoachwa juani haitoi pia dioksini, kemikali yenye sumu, kama ujumbe wa simu unavyodai kila kukicha. Dioksini huhitaji klorini, na PET haina klorini. Kilichopo ni masalia kidogo ya antimoni, madini yanayotumika kuharakisha utengenezaji wake, ambayo huingia majini polepole na huongezeka joto likizidi nyuzi 60 kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 20 kwa lita ya maji ya kunywa, na vipimo vya maji ya chupa yaliyohifadhiwa kwa joto la kawaida hukuta kiasi kilicho chini sana ya hapo. Katoni za maji kukaa wiki nzima ndani ya gari lililofungwa si uhifadhi mzuri. Chupa kukaa juani kwa siku moja ni jambo jingine kabisa, na kwa kweli njia inayokubalika ya kuua vijidudu nyumbani ni kuyaacha maji yasiyo na tope ndani ya chupa safi ya PET isiyozidi lita mbili juani kwa saa 6, au siku mbili mfululizo ikiwa kuna mawingu mengi.

Kwa anayetaka kujua chombo chake ni cha aina gani na namba haipo, kuna jaribio la jikoni lisilohitaji kuchoma chochote. Tena usichome, maana PVC, plastiki ya mabomba ya maji ambayo nayo huweza kuonyesha, hutoa moshi wenye asidi. Kata kipande cha sentimita moja kutoka chombo kilichopasuka, kitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, na kikoroge ili mapovu yaliyoshika kando yatoke. Kikielea, karibu hakika ni polipropilini au politini, na chombo kigumu cha polipropilini, chenye ukungu kidogo, ndicho kinachofaa kwa wali wa moto, kwa kuwa huyeyuka karibu na nyuzi 160. Kikizama, yeyusha gramu 100 za chumvi kwenye lita moja ya maji na ukitie humo. Polistirini itapanda juu. PET, PETG na PVC zitabaki chini hata ukiongeza chumvi hadi ikatae kuyeyuka, na hizo usiziwekee kitu cha moto. Akriliki na polikaboneti jaribio hili haliwezi kuzitenganisha, lakini vyombo vya kutupa havitengenezwi kwa hizo.

Baada ya matumizi

Jaribio hilo la glasi linaeleza pia kinachotokea ziwani. Taka tunazoziona zikielea pwani ya Igombe au karibu na vivuko ni zile nyepesi kuliko maji na chupa zilizofungwa zikiwa na hewa. Kontena la keki lililovunjika huzama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu sangara na sato walionunuliwa sokoni hapa Mwanza ulithibitisha vipande vidogo vya plastiki katika asilimia 20 ya samaki waliochunguzwa wa kila aina, na miongoni mwa plastiki zilizotambuliwa ilikuwamo poliesta, familia ya PET, ingawa hiyo hutoka kwenye nguo pia.

Waokota chupa hukusanya chupa za PET na mara nyingi huyaacha makontena, na wanaowalaumu hawajui kinachotokea kiwandani. Chupa zilizosagwa hukaushwa kwa joto kali kabla ya kuyeyushwa. Vipande vya PETG vikichanganyika humo hulegea mapema, hunata na kushikamanisha vingine kuwa mabonge yanayoziba mashine. Vya PVC huungua na kuacha madoa meusi. Jimbo la California, Marekani, lililazimika mwaka 2017 kuandika katika sheria kwamba hakitaitwa PET ila kile kinachoyeyuka kati ya nyuzi 225 na 255, na kwa maneno hayo PETG ikatolewa kwenye namba 1. Kwenye mizani ya mnunuzi wa chupa hapa Mwanza hakuna kifaa cha kupima nyuzi hizo, na ndiyo sababu hununua kwa umbo: chenye shingo na uzi wa kifuniko hupimwa, kilichoundwa kwa shiti hurudishwa.